Msalaba Kando ya Jina la Twahiru

Majengo, Goma,
Jumamosi, 15 Novemba 2025.

Mpendwa shemeji Chabani,

Assalam aleikum. Nakusalimu kutoka huku Goma, na kabla ya lolote niulize: mko wazima? Kifua chako kimetulia? Mara ya mwisho ulikohoa vumbi la Kolwezi kwenye simu mpaka nikajifuta sikio. Na Feza, ule mguu umepona? Mwambie asisimame sana dukani, wewe upo na tumbo lako lote, simama kwa niaba yake. Mtoto wa mwisho nasikia ameota meno na anauma kila anachokiona. Hiyo ni damu ya ukoo wenu, msimlaumu.

Mimi mwili hauna neno. Naamka, naenda kufundisha, narudi, napika. Moyo ndio una mambo yake, na hayo nitayaeleza taratibu. Usisome barua hii kwa pupa kama unavyokula.

Najua utashangaa kuandikiwa barua na mtu unayeongea naye kila Ijumaa. Lakini wewe unajua nyumba hii. Ina vyumba viwili, na mama yako ana masikio manne. Ukipiga simu anaiweka sauti juu na kukaa katikati yetu, mimi nabaki kusema tuko salama, shemeji, hakuna shida. Nikiandika ujumbe ananiuliza naandika nini na kwa nani. Basi naandika hapa shuleni, wanafunzi wameondoka, na barua ataibeba Carlos, yule dereva wa malori mliyekua naye. Anavuka Gisenyi, anashuka Tanzania na Zambia mpaka Kasumbalesa, na kutoka hapo ameapa atakuletea mkononi.

Nakuandikia kwa sababu mama yako anaumwa, na hataki ujue.

Sasa kaa chini, usinipigie simu hivi sasa. Soma kwanza mpaka mwisho.

Mji uko kama unavyousikia. Uwanja wa ndege bado umefungwa, banki pia, na watu wamezoea kwa namna ambayo hata mimi inaniogopesha. Mvua zimeanza. Wengi waliokuwa wakija kumsalimu marehemu kaka yako Twahiru wameondoka, huyu Kampala, yule Nairobi, na mtaani nasalimia milango yenye kufuli. Nikirudi kazini kuna kipande cha njia ambacho zamani kilinichukua muda mrefu kwa sababu ya kusimamishwa na watu. Siku hizi nakipita haraka sana, na sipendi.

Eda yangu ilipoisha mwezi wa sita, ndugu zangu wa Kindu walituma neno nirudi kwetu. Mama yako naye aliniambia, "Aziza, weye ungali kijana. Rudia kwenu." Nikaenda kuosha vyombo. Sina mtoto wa kunifunga hapa, unajua. Watu wa mtaa walikuwa wakisema watoto wangu na Twahiru ni makaratasi. Lakini niliolewa na kaka yako nikiwa naipenda na nyumba yake, na nikimwacha mama peke yake na ile saa ya ukutani inayogonga, sitalala huko Kindu.

Kwa kuwa nimetaja makaratasi, nikukumbushe, maana uliondoka Goma kaka yako akiwa bado mwanafunzi. Twahiru alikuwa daktari wa picha. Wanawake walimjia na uvimbe kwenye titi, yeye akaangalia ndani, akasema huu tuuache, huu tuukimbilie. Mashine ya mamografi huku ni ya kutafuta, na kwa wanawake ambao bado vijana picha yake hutoka nyeupe, na uvimbe nao mweupe. Alisema ni kama kutafuta chumvi kwenye unga. Kwa hiyo alijitahidi kujifunza kuutambua uvimbe mbaya kwa ekografi peke yake, ile wanayowapima nayo wajawazito. Alichokiona alikiandika, na alichokiandika kilitoka kwenye majarida ya madaktari, ya Kampala, ya Paris, na ya kwingine nisikokujua.

Kila makala ilipotoka, alikuja nyumbani na nyama ya mbuzi na mama akapika pilau. Tulikuwa na Idi mbili na makala. Mwanzoni jina lake lilibanwa katikati ya majina ya wenzake. Baadaye likatangulia. Halafu likaanza kukaa mwisho kabisa wa mstari, na mama yako alikasirika. "Juu ya nini banamuweka mu mukia?" Twahiru alicheka mpaka akakosa pumzi. Akamweleza kwamba kwenye makala zao wa mwisho ndiye mkubwa wa kazi, kama kwenye kikao cha ukoo, muzee husema wengine wakishamaliza. Tangu siku hiyo mama alikuwa na swali moja tu: "Uko wa mwisho?" Akisikia ndiyo, anaongeza mchele.

Kuna jambo hukuwahi kulijua, nalo litakuchekesha. Nje ya nyumba mama yako hakukubali kusema mwanawe anafanya kazi gani. Aliona haya. Mtoto wa kiume wa nyumba ya Kiislamu, ashinde akitazama matiti ya wake za watu! Majirani walipouliza, aliwaambia Twahiru anapiga picha za mifupa. Mama Nshobole, jirani yetu anayeuza sambaza, visamaki vya ziwani, siku moja akamleta mjukuu wake aliyevunjika mkono, kwa imani kamili. Twahiru hakumwaibisha mama yake. Alimbeba yule mtoto mpaka hospitalini kwa wenzake wenye kazi hiyo, akarudi akaniambia, "Aziza, leo nimepandishwa cheo."

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka jana, kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka, nilikuwa nampaka mama mafuta mgongoni. Aliinua mkono, na vidole vyangu vilipopita ubavuni viligusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, kama haragi, punje ya maharage, chini ya kitambaa. Akausukuma mkono wangu, akasema ni ya zamani. Mimi nilimwambia Twahiru. Mtu ambaye wanawake wa nusu ya mji walimvulia kanga, kwa mama yake hakuweza, wala hakujaribu. Alikaa naye sebuleni, akaongea akitazama ukuta: "Mama, uende kwa Bénédicte, mwenzangu wa kazi. Ni mwanamuke, na vile miye ninaona, naye anaona." Mama akasema ataenda soko likipoa, maana huo ndio msimu wa kuuza vitenge.

Soko halikupoa. Mwezi wa kwanza vita viliingia mjini, na risasi ya kupotea ikamkuta Twahiru uani akifunga dirisha. Hayo unayajua. Njia zilikuwa zimefungwa, hukuweza kufika, tukamzika bila wewe. Baada ya hapo nani angemtajia mama habari ya haragi?

Nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu mwingine. Baada ya kufa, kaka yako aliendelea kutoa makala. Alizokuwa amezituma kabla zilitoka moja moja, kama mtu aliyechelewa tu kazini. Daktari Bénédicte, mwenzake niliyemtaja, alinitumia kila iliyotoka kwenye simu. Niko ndani ya eda, nimejifunika, nasoma mambo ya vipimo nisiyoyaelewa, na nasikia sauti yake kwa sababu alikuwa akinisomea kabla ya kutuma. Nikifika kwenye majina namjibu: uko wa mwisho. Hapakuwa na nyama wala pilau. Nililia, lakini nilikuwa nangoja nyingine.

Mwezi wa tisa ilitoka ya mwisho kabisa. Bénédicte aliniambia hakuna tena iliyobaki njiani. Hiyo hakuituma kwa simu. Aliichapisha, akaitia kwenye plastiki, akapanda pikipiki kutoka Kyeshero kumletea mama yetu kama zawadi. Na tayari nilikuwa nimemlainisha mama kidogo kidogo mpaka akakubali kwenda kutazamwa na Bénédicte, siku ya Jumanne. Jumamosi kabla ya hapo ndiyo Bénédicte akaja na karatasi.

Tulikuwa uani. Mama Nshobole alikuwa anasafisha sambaza zake, na mwalimu Valentin, mpangaji wa nyumba ya pili, akajitolea kusoma. Ni Mkatoliki mwema, amestaafu, ila sauti imebaki darasani. Alisoma kichwa cha makala kwa Kifaransa, kisha bila kuulizwa akakitafsiri kwa Kiswahili, na neno "matiti" likasikika mpaka barabarani. Mama yako akatazama chini. Mama Nshobole naye akainamia sambaza zake. Nikafikiri hapo ndipo aibu ilipoishia.

Mama hasomi herufi za Kizungu, lakini jina la Twahiru analijua kwa umbo. Alilitafuta mwishoni mwa mstari, akalipata, akaweka kidole. Kisha akauliza, "Na hii iko nini, pembeni ya jina yake?"

Ulikuwa msalaba, shemeji. Mdogo, mweusi, umesimama kando ya jina la mwanawe.

"Mama, ni ya kuonyesha ashakufa," mwalimu Valentin akasema.

"Kwa hiyo mutu akikufa tu, anakuwa wenu?"

Mama akamrudishia Bénédicte karatasi kwa mikono miwili, akamshukuru, akaniambia nimpikie mgeni chai. Bénédicte aliinywa ikiwa moto vilevile ili aweze kuondoka.

Nilimsindikiza mpaka lango. Alisema majarida huweka alama hiyo mwandishi akifariki, lakini hawakuiweka wenyewe, ni yeye aliyeiomba. Kwao Masisi hakuna tangazo la kifo lisilo na msalaba, wala kaburi, wala utepe wa shada. Hakuwahi kufikiri kwamba unaweza kumaanisha kitu kingine zaidi ya marehemu. "Aziza, nilitaka bajue kama hayuko tena," aliniambia. "Nilitaka bamuombee."

Mama yako hakunigombeza. Ingekuwa heri. Alikunja mkeka, akaingia ndani, na kutoka kwenye giza la chumba nikamsikia: "Miye siwezi fungua kifua yangu mbele ya batu benye balimubatiza mutoto yangu akisha kufa." Jumanne ikaja, akaenda sokoni kama kawaida.

Nilijaribu kila njia. Nilimleta shehe wetu, akamweleza kwa upole kwamba wino wa wenye jarida haubadili dini ya mtu. Mama akamsikiliza, akampa chai, akasema baadaye, "Sheki hakumuzaa." Bénédicte aliwaandikia wenye jarida akawaomba msamaha na marekebisho. Wakajibu baada ya majuma kadhaa. Kwenye mtandao wameuondoa msalaba, wakaweka nyota ndogo, na chini wameandika kwa maneno kwamba amefariki. Nikamwonyesha mama kwenye simu. Aliangalia nyota, akauliza, "Na ile yenye ilishatoka?" Ile iliyotoka imetoka, shemeji. Iko kwenye makabati ya watu.

Hayo majuma sitaki yarudi. Wanawake wawili, chumba na chumba, na haragi linakua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mwambie hivyo mama yako uone. Nilikuwa naweka sahani tatu kwa kusahau, naiondoa moja, na yeye ananiona. Nilitamani Twahiru awepo hata kwa dakika ya kunitania. Nilikukasirikia na wewe, kwa kuwa mbali na kwa kucheka kwenye simu kila Ijumaa kama mtu ambaye kwao kuna amani. Sasa yamekwisha, nimekusamehe, hujui hata ulisamehewa.

Mtu mmoja hakuchoka. Kila Ijumaa baada ya kazi Bénédicte alikuja. Mama anampa kiti, anampa chai, hampi neno. Bénédicte anakaa, anakunywa, anaaga. Mimi nilimwambia ajipumzishe. Akasema kwao Masisi mtu ukimkosea mama mwenye msiba unakwenda kukaa kwake mpaka yeye mwenyewe akuulize umefuata nini.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, mama akamwuliza.

"Munatafuta nini hapa kila siku?"

Bénédicte akaitoa ile karatasi kwenye plastiki, ileile yenye msalaba. Nilitaka kumzuia. Akasema, "Mama Twahiru, siye kwetu mutu akikufa tunamuwekeaka hii. Kama singemuwekea, niliona ni kama ninamuacha mu njia. Sikujua. Munifundishe: kwenu munaandikaka nini?"

Mama aliipokea karatasi. Kisha akaniomba kalamu. Unakumbuka alisoma chuo cha Kurani Kasongo, na herufi za Kiarabu zinamtii kuliko wajukuu. Aliweka karatasi gotini, na chini ya jina la mwanawe akaandika, taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto: Mungu amrehemu. Msalaba hakuukata. Aliuacha ulipo, maandishi yake yakakaa chini yake.

Kalamu ikiwa bado mkononi, akaanza kuzigeuza kurasa, picha zile za kijivu ambazo hata mimi naona mawingu tu. Akauliza, "Na bale bamama bake benye alikuwa anaangalia, majina yabo iko wapi?"

"Hatuandikake majina yabo, mama. Tunaandikaka tu miaka."

"Hata ya mumoja?"

"Hata ya mumoja. Ni sheria ya kazi. Na Twahiru alikuwa mukali zaidi ya siye bote."

"Na yeye alikuwa anabajua?"

"Alibajua bote."

Shemeji, mama yako aliirudisha karatasi kwenye ukurasa wa kwanza. Miaka yote ile alikuwa akiona haya kwa sababu mwanawe anawafunua wanawake. Kumbe kwenye makaratasi yake yote, yaliyokwenda mpaka Paris, daktari ametajwa kwa jina lake na mwanamke hakutajwa. Aliyatazama majina ya madaktari pale juu, akazitazama picha zisizo na jina.

"Kumbe alibasitiri," akasema. Akalia, mara ya kwanza mbele ya mgeni. Kisha akajifuta kwa ncha ya kitenge na kuniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikikataa, "Basi, tutaenda lini?"

Tulikwenda Jumanne. Kwenye benchi la kungojea, unadhani tulimkuta nani? Mama Nshobole, na ndoo yake tupu ya sambaza. Huja kutazamwa kila mwaka. Twahiru ndiye aliyekuwa akimtazama, tangu zamani, na mama huyu alijua fika kazi ya Twahiru ni ipi siku ile alipomleta mjukuu. Alikuwa tu akimsaidia mama yako kuutunza uongo wake. Alitupisha kwenye benchi, akauliza bila hata tabasamu, "Mama Twahiru, na weye mifupa inauma?"

Mama yako alicheka. Alicheka akashika ubavu, wanawake wote wa benchi wakageuka. Sikuwa nimesikia kicheko hicho tangu kabla ya vita, na nilijikuta namtafuta Twahiru kwa macho ili naye asikie.

Ndani, Bénédicte alivuta pazia na mimi nikashika mtandio wa mama. Ukutani, pale mwanamke anapovulia nguo, ameibandika ile karatasi, msalaba na maandishi ya mama chini yake. Mama aliiona. Alinyoosha kidole akalifuata jina herufi kwa herufi, kisha akalala kitandani na kuinua mkono wake mwenyewe.

Bénédicte alichukua kipande cha uvimbe, kikapelekwa ng'ambo ya mpaka kupimwa. Majibu yamefika wiki hii. Ni saratani. Nimeandika neno hilo haraka ili lipite. Kwapani na kwenye mapafu hawaoni kitu, na Bénédicte anasema imeshikwa ikiwa bado mahali pamoja, lakini titi lazima liondolewe, na daktari wa upasuaji hataki Krismasi ipite. Nilimwuliza aliiona vipi upesi hivyo. Akanionyesha kwenye picha ukingo wa ule uvimbe, umechakaa kama kitambaa kilichofumuka, akasema alama hiyo Twahiru ndiye aliyemfundisha kuitafuta, imo kwenye makala yao. Kwa hiyo mwanawe amemtazama, bila kumtazama.

Bénédicte anaandika makala nyingine. Aliomba ruhusa ya mama kuitumia picha yake. Nilidhani atafukuzwa. Mama alisema, "Baandike. Lakini jina, hapana." Basi makala ijayo haitakuwa na jina la Twahiru popote, wala mwanzo wala mwisho wa mstari. Nimejaribu kulizoea hilo na bado. Ndani yake atakuwepo mama yako: mwanamke, miaka sitini na minne, titi la kushoto. Watu wa Paris watampita bila kumjua. Mimi na Bénédicte tutamjua, na sasa wewe.

Kuhusu upasuaji, amekubali kwa sharti moja, nami naliandika kama alivyolisema, kwa sababu hataliambia simu: "Mutoto mumoja nilimuzika mwingine hayuko. Sitalala pale pa kupasuliwa kama Chabani hajakuja." Nilimwambia kwenu ni mbali na safari ni ngumu. Akasema anajua umbali, ndiye aliyekubeba mgongoni kutoka Kasongo.

Shemeji, mimi sijakuomba kitu tangu niolewe katika nyumba hii. Nimempaka mafuta, nimemshika mtandio, nitamshika na siku hiyo. Lakini mimi ni mke wa marehemu, na anachokitaka ni mwanawe. Panda na Carlos akirudi, au na yeyote. Pitia Kigali, utaingilia Gisenyi, kivuko cha chini cha mpaka hufunguliwa asubuhi, na mimi nitakuwa nimesimama upande huu.

Ijumaa utapiga simu kama kawaida. Atakuambia yuko mzima, mifupa tu ndiyo inauma kidogo. Utajua sasa anamaanisha nini. Mwitikie kwa upole, usiniponze. Kisha mwambie uko njiani, na iwe kweli.

Nisalimie Feza na watoto, na huyo mwenye meno mbusu kwa tahadhari. Mwalimu Valentin anakusalimu, amejifunza kusoma kwa sauti ndogo. Mama Nshobole atakukaangia sambaza za kwanza utakazokula tangu uondoke. Daktari Bénédicte hujamwona, lakini mhesabu kati ya dada zako. Mama yako hakusalimu, kwa kuwa hajui nakuandikia.

Mwenyezi Mungu akufungulie njia, amlinde dereva, na akukutanishe na mama yako akiwa amekaa mlangoni, si kitandani. Nimeshaanza kuweka sahani tatu tena, na hii ya tatu siiondoi.

Wako akupendaye,
shemeji yako ambaye hakurudi kwao,

Aziza